Binti wa miaka 10 ameandikiwa miwani na nyanya yake hataki: afuate nani?

*"Habari daktari. Tunaishi Mamboleo, Kisumu. Binti yangu ana miaka 10, yuko Gredi ya 5. Muhula uliopita mwalimu alinipigia simu akasema mtoto ananakili vibaya kutoka ubaoni na anafinya macho akitazama mbali. Nilimpeleka duka la miwani mjini, wakampima kwa mashine dakika chache wakanipa karatasi: kulia −1.75, kushoto −2.25 na −0.50 mhimili 180. Wanataka nichukue lenzi za kuzuia mwanga wa buluu, ambazo bei yake iko juu. Mama mkwe amekataa katakata. Anasema miwani italegeza macho na mtoto hataweza kuiacha tena, kwamba shida ni simu na kutokula karoti. Mimi nilikuwa nafikiria kumnunulia yenye nguvu kidogo kuliko ilivyoandikwa, aivae darasani tu, ili asiizoee. Baba yao alianza miwani akiwa shule ya upili. Mtoto huyu pia hujikuna macho sana, hasa wakati wa vumbi. Halafu kuna mdogo wake wa kiume, wa miaka 6: kwenye picha jicho lake la kushoto huonekana limeingia ndani, kuelekea puani, hasa akichora au akichoka. Yeye hajalalamika na anaona vizuri, lakini nimeona niulize. Nifanye nini?"*

Mama, nitaanza na yule uliyemtaja mwisho, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kungoja. Shida ya binti yako inamchelewesha masomoni na inafaa kurekebishwa, lakini wiki mbili tatu hazitamdhuru. Jicho linaloingia ndani kwa mtoto wa miaka 6 halifai kusubiri likizo.

Watoto wengi huzaliwa na jicho fupi kidogo, nalo hurefuka kadiri wanavyokua. Baadhi yao hubaki na jicho fupi kupita kiasi. Mtoto wa namna hiyo bado anaweza kuona, kwa sababu misuli ya ndani ya jicho inaweza kuibinua lenzi na kuleta picha mahali pake. Lakini ubongo umeunganisha mambo mawili: misuli hiyo inapokaza, macho yote mawili huelekea puani. Akikaza zaidi ya kawaida ili aone anachochora, jicho moja huvuka mpaka na kuingia ndani. Ndiyo maana unaona makengeza akichora au akichoka, kisha yanapotea akitazama barabarani. Sasa, ili asione vitu viwili viwili, ubongo huanza kuipuuza picha ya jicho lililogeuka. Ukiachwa uendelee hivyo, jicho hilo huwa jicho vivu. Ukilichunguza halina kidonda wala mtoto wa jicho, lakini haliwezi kusoma herufi ndogo hata likivalishwa miwani sahihi, kwa kuwa ubongo haukujifunza kulitumia.

Kutolalamika kwake kusikupe utulivu. Mtoto mwenye jicho moja zima hukimbia, hucheza mpira na huchomoa nyuzi kwenye nguo bila shida. Hajui kwamba watu wengine wanaona kwa macho mawili. Leo jioni akiwa anatazama katuni, funika jicho lake la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha ufunike la kulia. Kama jicho la kushoto ni dhaifu, utakapofunika la kulia atausukuma mkono wako au atageuza kichwa achungulie. Akivumilia kotekote, bado mpeleke. Jaribio hili hukamata udhaifu mkubwa tu. Na kama umewahi kuona weupe ndani ya mboni yake, au kwenye picha ya flashi jicho moja linang'aa jeupe badala ya jekundu, usimalize wiki hii bila kufika hospitali. Mara chache makengeza huwa dalili ya uvimbe wa saratani ndani ya jicho, na huo hauna subira.

Tiba yake huwa ni miwani kwanza: lenzi zenye alama ya kujumlisha, kwa nguvu yote aliyopimwa, kutoka anapoamka hadi anapolala. Kwa watoto wengi wa aina hii miwani peke yake hunyoosha macho. Jicho likiwa limeshakuwa vivu, lile zuri hufunikwa kwa saa 2 kila siku, au hata saa 6 udhaifu ukiwa mkubwa, ili lile la pili lilazimike kufanya kazi. Kifuniko hubandikwa kwenye ngozi, chini ya miwani. Ukitundika kitambaa juu ya miwani mtoto atachungulia pembeni na miezi itapita bure. Matokeo huwa mazuri zaidi kabla ya miaka 7. Baada ya hapo bado inafaa kujaribu, ila jicho hurudi polepole na si mara zote hurudi lote.

Sasa binti yako. Alama ya kutoa kwenye karatasi yake ina maana haoni mbali. Mtoto mchanga huzaliwa na jicho lenye urefu wa karibu milimita 17, na la mtu mzima hufika karibu milimita 24. Ukuaji huo ukizidi, picha ya ubao hutua mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya juu yake. Ni kama projekta ambayo ukuta wake umesogezwa nyuma, picha inatoka nzuri lakini inafika ukutani na ukungu. Milimita moja ya ziada huleta karibu dayopta 2.5 hadi 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndicho kilicho kwenye karatasi yako). Kwa hiyo tofauti ya binti yako na mtoto anayeona vizuri haifiki milimita moja, na bado inatosha kumficha ubao. Ukigawa mita 1 kwa nambari yake unapata umbali anaoishia kuona vizuri: kama sentimita 57 kwa jicho la kulia na 44 kwa la kushoto. Ubao uko mita 3 au zaidi. Anafinya macho kwa kuwa tundu dogo hupunguza ukungu, na ananakili vibaya kwa kuwa 3 na 8 kwake zinafanana. Mwalimu aliyekupigia simu amefanya kazi kubwa. Watoto wengi huitwa wazembe kwa jambo hili hili. Ile −0.50 yenye mhimili inaitwa astigmatizimu: kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kimepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwa kiasi hicho ni ndogo na ya kawaida, lakini nitairudia nikifika kwenye kujikuna.

Je, miwani italegeza macho? Hapana. Lenzi iko mbele ya jicho na kazi yake ni kupinda mwanga tu. Hakuna msuli unaoshikilia uoni wa mbali ambao ungelegea kwa kukosa mazoezi. Hata hivyo, anachokiona mama mkwe ni cha kweli, na ukimjibu anza hapo: mtoto akivaa miwani mwezi mmoja kisha aivue, hulalamika kuliko mwanzoni, na kila mwaka nambari hupanda. Analalamika kwa sababu sasa amejua ubao unavyoonekana. Nambari hupanda kwa sababu ana miaka 10 na jicho bado linarefuka. Lingerefuka hivyo hivyo bila miwani. Kwa kawaida huongezeka nusu dayopta au zaidi kwa mwaka, hutulia mwishoni mwa shule ya upili, na anayeanza akiwa mdogo ndiye anayefika mbali zaidi. Baba yao alianza akiwa shule ya upili, yeye ameanza Gredi ya 5, hivyo huenda akampita baba. Kinachotuhangaisha ni kumzuia asifike −6 na zaidi, ambako retina hunyooshwa hadi kuchanika kirahisi, na hatari ya presha ya macho huongezeka.

Wazo lako la kupunguza nguvu limejaribiwa. Utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 uligawa watoto wasioona mbali makundi mawili: wengine walipewa miwani kamili, wengine ikapunguzwa kwa dayopta 0.75. Baada ya miaka 2, waliopunguziwa walikuwa wameongezeka zaidi kuliko wale wa nguvu kamili. Mpe nguvu kamili. Na asivae darasani tu. Kwa nambari hizi anaihitaji barabarani, uwanjani na kanisani. Akiivua ili asome kitandani hatadhurika, mradi asisogeze kitabu karibu sana, maana ukaribu huo hatuutaki.

Kabla ya kulipa lakini, karatasi hiyo ina kasoro ambayo haionekani. Misuli ya jicho la mtoto wa miaka 10 ina nguvu nyingi. Akichungulia ndani ya mashine hukaza bila kujua, na mashine huandika nambari kubwa ya kutoona mbali kuliko ilivyo kweli. Nimeona unataja dakika chache, sikuona unataja matone. Mtoto hupimwa kwa dawa inayolegeza misuli hiyo kwa muda na kupanua mboni: tone la saiklopentoleti la asilimia 1 kwenye kila jicho, mara nyingi hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 10, halafu kusubiri nusu saa hivi. Inawasha sekunde chache. Baadaye mwanga humchoma macho na hawezi kusoma karibu hadi kesho yake, basi chagua Ijumaa na umbebee kofia. Kwa mvulana matone haya hayana mjadala. Jicho fupi hujificha kabisa bila dawa, na angeweza kurudi nyumbani na karatasi inayosema hana tatizo. Mtoto mdogo mwenye makengeza huenda akapewa atropini, matone mengine ya kazi hiyo hiyo, ya kutumia nyumbani siku chache kabla. Hiyo mboni yake itabaki imepanuka wiki nzima au zaidi, usiogope.

Kuhusu chanzo, mama mkwe amegusa ukweli nusu. Karoti, managu, mrenda na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A. Mtoto akiikosa kabisa hushindwa kuona gizani na konea yake inaweza kukauka na kuharibika. Hizo ni sababu tosha za kuvipika. Lakini jicho lililorefuka halifupishwi na karoti, wala na mafuta, wala na dawa ya mitishamba ya kudondoshea. Usikubali chochote kutoka jikoni au shambani kiingie ndani ya jicho.

Simu nayo haiharibu jicho kwa mwanga wake. Inaumiza kwa sababu hushikwa sentimita 20 kutoka usoni kwa saa mbili bila kupumzika, na saa hizo mbili zilikuwa za kucheza nje. Kitabu kikisomwa hivyo hivyo kina lawama ile ile. Runinga iliyo mita 3 ina lawama ndogo. Urithi nao upo: mzazi mmoja asiyeona mbali huongeza uwezekano, wawili huuongeza zaidi. Lakini urithi hauelezi kila kitu. Watafiti walilinganisha watoto wenye asili ya Kichina wa miaka 6 na 7 wanaoishi Sydney na wenzao wa Singapore, matokeo yakatoka 2008. Idadi ya wazazi wasioona mbali ilikaribiana katika miji yote miwili. Kule Singapore watoto 29 kati ya 100 hawakuona mbali, Sydney 3 tu. Wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki kuliko wenzao. Kilichowatenga ni kwamba wao walikuwa nje karibu saa 14 kwa wiki, na wa Singapore saa 3.

Mwanga wa nje ndiyo habari kubwa zaidi ambayo elimu ya macho imepata kuhusu watoto katika miaka hii. Darasa lenye taa lina laksi (kipimo cha mwanga) mia chache. Nje, hata chini ya mwembe, zinafika maelfu. Mwanga huo unaaminika kuifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na dopamini huliambia jicho lipunguze kurefuka. Huko Guangzhou, China, shule ziliongeza dakika 40 tu za nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka 3, waliokuwa wamepata shida ya kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikuongeza ni 39.5. Mtoto wa Kisumu ameketi karibu kabisa na Ikweta, inayopita pale Maseno, jua analo mwaka mzima bila malipo. Linalomnyima ni ratiba: anatoka nyumbani alfajiri, mapumziko anaambiwa amalizie kazi, jioni ni masomo ya ziada, Jumamosi pia. Ningependa mzungumze na shule kuhusu mapumziko hayo. Lengo liwe jumla ya saa 2 nje kila siku, kivulini inatosha, kuchota maji na kutembea kutoka shule kunahesabika, na asilitazame jua lenyewe. Ukweli ni kwamba kukaa nje huzuia vizuri zaidi kwa ambaye hajaanza kuliko kunavyopunguza kasi kwa ambaye ameshaanza. Kwa binti yako faida itakuwa ndogo kuliko ingekuwa miaka miwili iliyopita, lakini ipo. Kitabu kikae sentimita 30 hadi 40, na baada ya kila nusu saa ainuke atazame mbali.

Lenzi za mwanga wa buluu ziache. Mapitio ya 2023 yaliyokusanya majaribio 17 hayakuona kuwa zinapunguza uchovu wa macho. Pesa hiyo itie kwenye lenzi za polikaboneti, yaani plastiki ngumu, ambazo hazipasuki vipande mpira ukimgonga usoni. Zile za kioo usimvalishe mtoto kamwe. Fremu ya plastiki, ikae imara puani isiteremke akiinama, na katikati ya kila lenzi pawe mbele ya mboni. Hakikisha umbali kati ya mboni zake umepimwa kwa rula au kifaa, kwa sababu zikikosewa ataumwa kichwa na mtasema ni miwani imemkataa. Siku tatu nne za kwanza sakafu inaweza kuonekana imeinama kwa ajili ya ile −0.50, kisha hupita. Ikiendelea zaidi ya wiki 2, rudisha ipimwe. Isafishwe kwa maji na sabuni kidogo. Vumbi la Kisumu likisuguliwa kwa pindo la sketi huikwaruza lenzi ndani ya muhula mmoja. Na usichukue ya shangazi, wala ya kuokota sokoni.

Huko kujikuna nakuomba usikupuuze. Watoto wengi wa kwetu wana mzio wa macho: yanawasha, yanatoa utando wa nyuzinyuzi, weupe wa jicho hugeuka kahawia. Kusugua macho kwa miaka kunaweza kuidhoofisha konea hadi ichongoke, na dalili ya kwanza huwa astigmatizimu inayopanda haraka. Ile −0.50 ikigeuka −1.50 ndani ya mwaka, omba konea ipimwe umbo lake. Kwa sasa kitambaa chenye maji baridi juu ya kope, uso uoshwe akitoka uwanjani, na matone ya mzio aandikiwe na anayemtibu. Usinunue matone dukani kwa kuwa tu yalimsaidia jirani. Baadhi yana dawa za steroidi: kuwasha hukatika siku hiyo hiyo, na mtoto akiyatumia miezi bila kuangaliwa anaweza kupata presha ya macho au mtoto wa jicho.

Huenda ukasikia pia kuhusu atropini hafifu, ya asilimia 0.01 hadi 0.05, inayodondoshwa usiku kupunguza kasi ya jicho kurefuka. Jaribio la Hong Kong lililochapishwa 2019 lilionyesha kuwa ile ya 0.05 ilifanya kazi kuliko za chini yake. Inafanya kazi, ila hairudishi kilichopotea, hutumika kwa miaka, na inahitaji duka la dawa linalojua kuitengeneza. Kwa binti yako ningengoja vipimo viwili vya kwanza. Akipanda dayopta 0.50 au zaidi ndani ya miezi 6, iulizie. Usiichanganye nyumbani kutoka kwenye chupa ya asilimia 1.

Kwa vipimo, kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo mjini kiko karibu nawe, na Hospitali ya Macho ya Sabatia, Vihiga, si mbali kwa matatu. Piga simu kwanza uulize kama siku hiyo kuna anayepima watoto kwa matone. Beba ile karatasi ya duka, picha mbili tatu za mvulana ambazo jicho limegeuka, na miwani ya baba yao ili nambari zake zisomwe. Ukipewa tarehe, iandike kwenye simu ikukumbushe. Katika jaribio lililofanywa shule za Trans Nzoia na kuchapishwa 2018, kwa wazazi waliotumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, watoto 54 kati ya 100 walifika hospitali. Kwa waliopewa barua tu walikuwa 22.

Baada ya hapo binti apimwe kila miezi 6, mvulana kila baada ya wiki 6 hadi 12 mpaka jicho litulie. Katikati ya ziara unaweza kuwapima wewe mwenyewe. Chora herufi E nyeusi kwenye karatasi nyeupe, urefu na upana milimita 17.5, kila mstari na kila nafasi milimita 3.5. Simama mita 6, mchana, jicho moja likiwa limefunikwa kwa kiganja, uigeuzegeuze naye aonyeshe kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Akiwa na miwani, akikosea mara mbili katika tano, mwambie achungulie kupitia tundu la milimita 1 kwenye kadi. Akiona vizuri kupitia tundu, nambari imebadilika na miwani mpya itatosha. Asipoona hata hapo, tatizo haliko kwenye lenzi, usirudi dukani, nenda hospitali. Nenda pia bila kusubiri tarehe yoyote kati yao akiona vimulimuli au pazia jeusi, akigongwa jichoni, akipata jicho jekundu lenye maumivu, au akianza kuumwa kichwa asubuhi na kutapika.